Vitabu vitatu vya nyumba moja: historia ya dola ya Mirambo uisome wapi

Msomaji mmoja kaniuliza hivi: "Shikamoo mwalimu. Babu yangu mzaa baba ni mtu wa Urambo na tangu utotoni nasikia habari za Mirambo, ila shuleni tulipewa kurasa mbili tu. Sasa nataka kusoma kwa undani. Kila nikitafuta naletewa Stanley, halafu mmoja anasema Mirambo alikuwa jambazi wa njiani, mwingine anasema shujaa aliyewagomea Waarabu. Nianze na kitabu gani na nimwamini nani? Kiingereza changu ni cha kawaida, Kijerumani na Kifaransa sijui kabisa."

Marahaba mdogo wangu. Swali lako zuri, na jibu fupi lipo: anza na Kabeya, fuata Bennett, Stanley awe wa tatu wala sio wa kwanza. Ila nikiishia hapo ntakuwa nimekunyima kitu cha maana zaidi, maana shida ya Mirambo sio vitabu kuwa vichache. Shida ni kwamba vile vinavyojulikana sana vimeandikwa sehemu moja, tena upande wa maadui zake.

Ngoja nikuambie kitu ambacho mi mwenyewe nilichelewa kukiona. Pale Kwihara, nje kidogo ya Tabora, kuna tembe ambalo leo ni makumbusho ya Livingstone. Stanley alifika Unyanyembe, himaya ya Wanyamwezi ambamo Tabora imo, Juni 1871 akapewa tembe pale Kwihara. Mwaka uliofuata Livingstone akakaa humohumo miezi kadhaa, mpaka Agosti 1872, anasubiri wapagazi watoke pwani. Mwaka 1873 akaja Cameron, msafiri Mwingereza, naye akapewa nyumba ileile, na ndipo alipopokea taarifa kwamba Livingstone amefariki. Mwenyeji wao alikuwa liwali wa Waarabu, Said bin Salim. Sasa fikiria, kitabu cha Stanley kilichotoka 1872, shajara za mwisho za Livingstone zilizotoka 1874, na kitabu cha Cameron cha 1877, vyote vitatu vimeusikiliza mgogoro wa Mirambo kutoka kwenye baraza moja, kwa watu walewale waliokuwa wanapigana naye na wanaopoteza mali kila njia ikifungwa! Halafu mtu anakwambia "vyanzo vitatu tofauti vinakubaliana". Tofauti wapi, wakati wote wamekunywa kahawa kwa mwenyeji mmoja.

Kwa hiyo kanuni yangu ni hii, na yote ntakayoyasema chini yanairudia: kabla hujauliza mwandishi anasema nini, uliza alikuwa amekaa wapi, mwezi gani, na nani alikuwa anamlisha.

Kwanza lakini tuelewane Mirambo alikuwa anatawala kitu gani. Hii haikuwa dola kongwe kama Buganda yenye orodha ndefu ya wafalme. Ilikuwa dola ya mpakani kabisa. Mtyela Kasanda, ndio jina lake la kabla ya kuitwa Mirambo, alianza kama mtemi wa Uyowa, himaya ndogo tu magharibi ya Tabora. Upande mmoja ana Unyanyembe na wafanyabiashara wa pwani, upande mwingine ana Wangoni, wale Watuta, ambao alijifunza kwao mengi ya vita na baadae wakawa mara washirika mara maadui. Na katikati inapita njia, ya magharibi kwenda Ujiji na ya kaskazini magharibi kwenda Karagwe na Buganda. Aliyeshika mahali pale anashika pembe za ndovu, bunduki, baruti na hongo, yaani ushuru wa kupita njia. Mirambo akakusanya vijana wa kivita, rugaruga, akaunganisha himaya ndogondogo, akajenga kitu kilichosimama miaka isiyofika thelathini. Yeye alifariki kwa ugonjwa Desemba 1884, mrithi wake Mpandashalo akauawa vitani 1890, na hapo ndio mwisho. Dola ya namna hii haiachi kumbukumbu za ikulu. Hata barua zake kwa balozi wa Uingereza pale Unguja, John Kirk, zilipita kwenye kalamu ya mtu mwingine. Ndio maana suala la vyanzo kwa Mirambo ni nusu ya historia yenyewe.

Haya sasa vitabu.

John Kabeya aliandika kijitabu kwa Kiswahili, Mtemi Mirambo: mtawala shujaa wa Kinyamwezi, kilichapwa na East African Literature Bureau 1966. Anza nacho kwa sababu mbili. Moja, ni lugha yako, utapata majina ya watu na mahali yakiwa yameandikwa kama yanavyotamkwa, sio yale ya Wazungu ambayo mji mmoja una tahajia nne. Pili, kimebeba mtazamo wa kwenu, wa watu ambao kwao Mirambo ni mtemi na sio kikwazo cha msafara. Ila jina lake halifichi kitu, mwandishi amesimama upande wa Mirambo waziwazi, na mwaka 1966 nchi nzima ilikuwa inatafuta mashujaa wa kabla ya ukoloni, sio kosa lakini ujue. Madukani sahau, kitafute maktaba za vyuo, kitengo cha Afrika Mashariki.

Baada ya hapo Norman Bennett, Mirambo of Tanzania, 1971. Hiki ndicho uti wa mgongo. Kiingereza chake hakina makeke, utakiweza. Bennett alikuwa mtu wa nyaraka, alipita barua za wamishenari na za ubalozi moja baada ya nyingine akapanga matukio kwa tarehe, na mpaka leo ukitaka kujua nini kilitokea mwezi gani unarudi kwake. Udhaifu wake ni uleule wa nyaraka zake: pale ambapo hapakuwa na Mzungu wa kuandika barua, Mirambo anapotea kwenye ukurasa. Miaka ya mwanzo kabla ya 1871 inapita haraka mno. Sio kosa la Bennett peke yake, ila mtu asiyejua atadhani Mirambo alizaliwa siku Stanley alipofika Tabora.

Sasa Stanley. Usimkwepe, ila msome mara mbili, kwa sababu kuna Stanley wawili.

Yule wa 1871 ni mwandishi wa gazeti la New York Herald, ana homa, mizigo imekwama, njia ya Ujiji imefungwa. Akaamua kuungana na Waarabu kumpiga Mirambo. Mwezi Agosti wakateka boma la Zimbizo, wakaenda mpaka Wilyankuru, na wakati wanarudi na nyara zao Mirambo akawavizia njiani akawapiga vibaya, kiongozi wao Soud bin Said akafia huko. Tarehe 22 mwezi huohuo Mirambo akaivamia Tabora yenyewe na sehemu ya mji ikaungua, Stanley yuko Kwihara anaimarisha kuta za tembe na kutazama moshi. Mtu aliyekimbizwa hivyo unategemea aandike nini? Mirambo wa kitabu cha 1872 ni jambazi. Soma kurasa zile kama unavyosikiliza mtu aliyeibiwa simu jana anamwelezea mwizi, ukweli umo, ila hasira nayo imo.

Yule wa 1876 ni mwingine kabisa. Aprili mwaka huo akiwa kwenye safari yake ya pili akakutana na Mirambo ana kwa ana, na anakiri wazi kwamba alishangaa, alitegemea jitu la kutisha akakuta mtu mpole wa sauti ya chini, mstaarabu. Wakachanjiana damu wakawa ndugu, shughuli ikisimamiwa na Manwa Sera, nahodha wa msafara wa Stanley. Ndio mtu huyohuyo wa miaka mitano nyuma! Mirambo hakubadilika tabia, kilichobadilika ni kwamba sasa Stanley alikuwa anapita salama. Kitabu cha safari ile kilitoka 1878, na yeye ndiye aliyeeneza mfano wa kumfananisha Mirambo na Napoleon Bonaparte, mfano ambao mi binafsi umenichosha, kila makala mpaka imtaje Bonaparte kana kwamba Mnyamwezi hawezi kueleweka mpaka umkopee Mfaransa.

Na hapa kuna siri kidogo. Stanley alikuwa anaandika jambo moja mara tatu: kwenye shajara, kwenye barua za gazeti, halafu kwenye kitabu. Kila hatua chumvi inaongezeka. Barua za gazeti Bennett huyohuyo alizikusanya akazichapa 1970, na shajara za safari ya pili zilichapwa 1961. Ukipata nafasi chukua siku moja tu, mfano siku za kukutana na Mirambo, uzilinganishe zote tatu mezani. Zoezi hilo litakufundisha zaidi ya semina ya wiki nzima. Vitabu vya Stanley, Livingstone na Cameron vimeshatoka kwenye hakimiliki, vipo mtandaoni bure vimeskaniwa, usitoe hela kwa mtu.

Sasa nije kwenye chanzo ambacho nashangaa Waswahili wenyewe hatukisomi. Tippu Tip, yule mfanyabiashara mkubwa wa pembe na watumwa, aliandika maisha yake mwenyewe, kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu, na Mjerumani Heinrich Brode akayatoa kwa herufi za Kirumi mwanzoni mwa karne ya 20. Baadae Whiteley akayachapa tena, Kiswahili huku na tafsiri ya Kiingereza kule, mwishoni mwa miaka ya 1950. Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip. We ambaye Kiingereza chako cha kawaida hapa una faida kuliko profesa wa London, maana unasoma maneno ya mwenyewe. Kiswahili chake ni cha zamani, sentensi fupifupi, hana mapambo, anahesabu frasila (kipimo cha uzito cha zamani) za pembe kama mtu anayepiga hesabu za duka. Mahali pengine anaua watu kwenye sentensi moja na inayofuata anaendelea na bei, hilo linatisha ukilisoma polepole.

Kwa nini ni muhimu kwa Mirambo? Kwa sababu Tippu Tip yumo ndani ya siasa za Unyanyembe kifamilia. Baba yake alimwoa Karunde, binti wa mtemi Fundikira. Alipofariki Fundikira na mrithi wake Mnywa Sere kugombana na Waarabu, hawa wakamng'oa wakamweka Mkasiwa, na vurugu zile za miaka ya 1860 ndizo zilizompa Mirambo nafasi ya kukua. Kwahiyo unapata upande wa Waarabu kutoka kwa mmoja wao, sio kupitia mgeni aliyeazimwa nyumba. Halafu baadae, miaka ya 1880 mwanzoni akiwa anarudi pwani na pembe zake, Tippu Tip anaelewana vizuri na Mirambo. Ukisoma hapo utajiuliza, hii vita ilikuwa ya Waarabu na Wanyamwezi kweli, au ilikuwa ya wafanyabiashara fulani wa Tabora na mtemi fulani juu ya kodi ya njia na nani anapita? Mi nakwenda na la pili. Unyanyembe wenyewe ni Wanyamwezi na walipigana upande wa Waarabu, na Mirambo akishapata njia yake hakuwa na shida ya kufanya biashara na mtu wa pwani. Kile cha "shujaa aliyewagomea Waarabu" ulichosikia kimekatwa nusu.

Kama utapenda ladha hiyo, tafuta pia masimulizi ya safari yaliyokusanywa na Velten na kuchapwa 1901, humo yumo Selemani bin Mwinyi Chande anayesimulia safari yake ya bara. Sio habari za Mirambo hasa, ila utaona njia zile kwa macho ya mtu wa msafara.

Sasa upande wa pili, waliokaa kwa Mirambo mwenyewe. Hawa ni wachache na ni dhahabu. London Missionary Society, shirika la wamishenari wa Kiprotestanti, ilimpeleka daktari Ebenezer Southon akaanza kituo Urambo 1879, akakaa mpaka alipofariki 1882 baada ya kujeruhiwa kwa ajali ya bunduki. Southon alikuwa anaongea na Mirambo mara kwa mara, anamtibu, anaandika barua zake, na mwaka 1880 akaandika ripoti ndefu kuhusu historia, nchi na watu wa Unyamwezi. Nyaraka zake zipo London, chuo cha SOAS, kwenye makusanyo ya shirika hilo. Kwa sasa hutazifikia kirahisi, ila Bennett kazitumia sana, kwa hiyo ukiona anamnukuu Southon punguza mwendo.

Ila na yeye muulize swali letu: nani alikuwa anamlisha? Southon alimhitaji Mirambo, kituo chake kilisimama kwa hisani ya mtemi. Mfano mzuri ni tukio la 1880. Waingereza wawili, Carter na Cadenhead, waliokuwa kwenye msafara wa Wabelgiji, waliuawa kule Mpimbwe pale majeshi ya Mirambo na washirika wake yalipouvamia mji. Hapo Kirk ambaye miaka iliyotangulia alikuwa ameanza kumwona Mirambo kama mtu wa kufanya naye kazi akageuka, mlango ukafungwa. Southon yeye akawa anamtetea, kwamba ilikuwa bahati mbaya ya vita, hawakulengwa. Ukisoma Kirk tu Mirambo ni muuaji, ukisoma Southon tu ni mtu aliyesingiziwa. Na wale mapadri wa White Fathers waliokuwa upande wa Tabora nao wana shajara zao, kwa Kifaransa, na usisahau hao ni Wakatoliki wanamwangalia mtemi aliyekaribisha Waprotestanti.

Kwa vitabu vya kitaaluma sintakuchosha. John Iliffe, A Modern History of Tanganyika, 1979, sura za mwanzo zinatosha kukuwekea Mirambo ndani ya karne nzima. Tanzania before 1900, iliyohaririwa na Andrew Roberts 1968, ina sura yake mwenyewe ya Wanyamwezi, fupi na safi. Aylward Shorter kaandika kuhusu Nyungu ya Mawe, mtemi wa Ukimbu ambaye alijenga dola ya rugaruga kusini wakati uleule, na huyu ni lazima umsome maana ukimlinganisha na Mirambo unaacha kudhani Mirambo alikuwa ajabu lililoshuka toka mbinguni, kumbe mazingira yale yalizaa watu wa namna ile zaidi ya mmoja. Richard Reid 2007 kwenye kitabu chake cha vita kabla ya ukoloni anachukulia vita vya Unyamwezi kama siasa zenye akili na sio fujo tu, napenda anavyofikiri. Na Stephen Rockel, Carriers of Culture, 2006, ni habari za wapagazi. Utasema wapagazi wanahusu nini? Wanahusu sana tu, Mnyamwezi alikuwa anabeba mizigo mpaka pwani na kurudi na bunduki, na bila kuelewa hilo hutaelewa Mirambo alizipata wapi silaha.

Hapa nyumbani pita Nyaraka za Taifa Dar, kuna vile vitabu vya wilaya walivyoandika maofisa wa Kiingereza, vina masimulizi ya koo za watemi. Vitumie kwa tahadhari kubwa. Waingereza walikuwa wanatafuta nani wamtambue kuwa mtemi ili watawale kupitia yeye, kwa hiyo kila mzee aliyehojiwa alikuwa na sababu ya kurefusha ukoo wake. Mi niliwahi kujenga hoja nzima juu ya nasaba moja ya humo, nimeipenda kweli, baadae nikagundua aliyeisimulia alikuwa na kesi ya kugombea kiti mwaka uleule. Miezi minne ya kazi, kapu la taka.

Na mwisho babu yako. Nimemweka mwisho ila ukweli nenda kwake kabla hujafungua kitabu chochote, tena nasema kabla, kwa sababu ukishasoma Stanley utaanza kumuuliza maswali ya Stanley na yeye kwa heshima atakujibu ya Stanley. Usimuulize "Mirambo alikuwa mtu gani", hilo kila mtu ana jibu la kukariri. Muulize ukoo wenu ulifikaje Urambo, mlikuwa watu wa mtemi gani kabla, nani kwenye ukoo alichukuliwa vitani, upande upi uliomchukua, nani alikwenda pwani na mzigo na alirudi na nini. Dola ya mpakani iliokota watu kutoka kila mahali, wengine kwa kupenda, wengine mateka, na hayo hayapo kwa Bennett wala kwa Southon. Akinyamaza kwenye swali la mateka usimsukume, andika tu kwamba alinyamaza.

Simu ukiiweka kurekodi anza kwa kutaja tarehe, kijiji na nani anaongea, kabla ya salamu. Mi nina kaseti tatu kabatini za wazee wa Ulyankulu, sauti nzuri kabisa, na sijui hata moja ni ya nani.